Piga: Kitenzi Kisichochoka

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mhariri wa jarida letu alinipa kurasa hizi nieleze jambo lolote la lugha litakalowafaa wenzangu. Nilipomwambia kuwa nitaandika juu ya neno moja tu, na kwamba neno hilo ni "piga", alinikodolea macho. "Piga? Kwani nani hajui piga?" aliniuliza. Nikamjibu kuwa hata mimi nilidhani nalijua. Kumbe sikulijua. Limewahi kunitia aibu mbele ya darasa zima, na kabla ya hapo, nikiwa mtoto mdogo, lilinitia hofu kubwa nyumbani kwetu Ruiru. Nitaanza na aibu. Ile hofu nitaieleza mwishoni, kwa sababu bila somo lililo katikati hamtaielewa vizuri.

JINSI NILIVYOPIGWA MAKOFI

Tulipokuwa Kidato cha Pili mwalimu alitupa insha ya kusimulia siku ambayo hatutaisahau. Nikachagua siku ya kutuzwa zawadi katika shule yangu ya msingi. Nilirembesha kadiri nilivyoweza. Nilirauka alfajiri na mapema, nikavaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka, na kadhalika na kadhalika. Nilipofika kwenye kilele cha kisa changu nikaandika hivi: "Jina langu liliposomwa nilipiga hatua hadi jukwaani. Mwalimu mkuu, wazazi na mgeni wa heshima wote wakanipiga makofi."

Siku ya kurudishiwa madaftari, mwalimu alisimama na daftari langu mkononi. Akasoma sentensi hiyo ya mwisho kwa sauti, polepole, kisha akavua miwani yake.

"Jamani," akasema, "mtoto huyu alikosa nini hata mgeni wa heshima akaondoka kitini kwenda kumzaba? Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Sasa ndugu yenu anatuambia mwalimu mkuu alimpiga makofi hadharani, wazazi wakamsaidia!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kusema "wakanipigia makofi". Irabu moja tu, "i", ndiyo iliyobadilisha shangwe ikawa adhabu. Jioni hiyo sikulala kabla ya kujiuliza: kama neno hili ninalolitumia kila siku laweza kunigeuka namna hii, je, lina mambo gani mengine nisiyoyajua?

Nikanunua kijidaftari kidogo. Jumamosi iliyofuata mama alinituma Thika, nikaamua kuandika kila "piga" nitakayoisikia au kuiona njiani. Kuuliza si ujinga, na kusikiliza pia si ujinga.

KUTOKA RUIRU HADI THIKA

Kabla sijapanda gari nilikuwa nimeshapata ya kwanza. Pale steji ya Ruiru kuna vijana wanaoita abiria: "Thika! Juja Thika! Gari ni ya kuondoka!" Hao ni wapiga debe. Ukiwatazama, hakuna hata mmoja mwenye debe. Wanachogonga ni ubavu wa matatu, tena kwa kiganja. Lakini debe tupu likigongwa hufanya mlio wa kumgeuza kila mtu, na kazi ya kijana huyu ni hiyo hiyo, kuwageuza watu. Ndiyo sababu hata mtu anayemsifia mwanasiasa ili achaguliwe huitwa mpiga debe. Kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 wapiga debe wa namna hiyo walijaa Ruiru na Thika, nao pia hawakuwa na debe.

Tulipoingia barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, dereva akapiga honi. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akamwambia mtu kwenye simu, "Nitakupigia nikifika Juja." Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakipiga stori. Mmoja akasema amepiga bei simu yake ya zamani, maana yake ameiuza. Mwenzake akapiga miayo. Mtoto mchanga akapiga chafya, nyanya yake akamwambia, "Kua!"

Thika nako niliandika mpaka kalamu ikawa nzito. Kwenye soko wauzaji walikuwa wamepiga mafungu ya nyanya na vitunguu. Nje ya duka moja fundi wa nguo alikuwa akipiga pasi. Nje ya duka jingine kulikuwa na kibao cha mpiga picha. Ndani ya benki watu walikuwa wamepiga foleni, na karani alikuwa akipiga muhuri karatasi zao. Ukutani kulikuwa na tangazo lililosema kuvuta sigara kumepigwa marufuku. Nilipofika nyumbani jioni na kuhesabu, niligundua jambo moja. Katika "piga" zote nilizoandika, hakuna hata moja ambayo mtu alichapwa.

Hapo ndipo somo langu lilipoanzia.

KANUNI YA KWANZA: MTAZAME JIRANI YAKE

Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1981, utaona kuwa maana ya kawaida ya "piga" ni ile tunayoijua sote: kutia kitu au mtu pigo. Lakini mara nyingi tunapolitumia neno hili, maana haitoki kwenye kitenzi. Inatoka kwenye nomino inayokifuata. "Piga" ikisimama peke yake ni kama mtu aliyenyanyua mkono. Hujui anataka kukuchapa, kukusalimu au kujibu swali. Mpaka uone jirani yake ndipo utajua.

Nimejaribu kuzipanga "piga" nilizokusanya katika mafungu sita ili mwenzangu uzikumbuke kwa urahisi.

(a) Piga ya pigo halisi. Hapa kweli kuna kuumizwa: kupiga kofi, kupiga teke, kupiga ngumi, kupiga konzi, kupiga kumbo, kupiga mtu mtama hadi akaanguka.

(b) Piga ya mlio. Kupiga ngoma, kupiga kengele, kupiga gitaa, kupiga mluzi, kupiga honi, kupiga makofi, kupiga hodi, kupiga kelele, kupiga mayowe, kupiga vigelegele. Katika baadhi ya hizi kuna kitu kinachogongwa, kama ngoma. Katika nyingine hakuna kitu kinachogongwa, ni mdomo tu. Anayepiga hodi siku hizi huenda hata mlango asiuguse.

(c) Piga ya chombo. Unataja chombo au kitu, na "piga" inamaanisha kukitumia kwa kazi yake: kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga deki, kupiga randa, kupiga msasa, kupiga rangi, kupiga sindano, kupiga muhuri, kupiga chapa, kupiga simu, kupiga picha.

(d) Piga ya mwili na mwendo. Kupiga magoti, kupiga miayo, kupiga chafya, kupiga mbizi, kupiga mbio, kupiga hatua, kupiga kona, kupiga saluti, kupiga foleni, kupiga kambi. Mchezaji wa kandanda naye hupiga chenga.

(e) Piga ya akili na maneno. Kupiga hesabu, kupiga kura, kupiga ramli, kupiga soga, kupiga gumzo, kupiga porojo, kupiga chuku (yaani kutia chumvi katika maneno), kupiga vijembe, kupiga darubini (yaani kuchunguza kwa makini), kupiga moyo konde.

(f) Piga ya uamuzi unaomwangukia mtu au kitu. Kupiga marufuku, kupiga mnada, kupiga kalamu. Fungu hili ndilo dogo, lakini ndilo zito. Nitalirudia.

Tazama tena fungu la (c) na la (e), kisha uangalie nomino zenyewe zilikotoka. Simu imetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kura, hesabu na ramli ni za Kiarabu, na hiyo ramli maana yake ni mchanga, kwa kuwa waganga walikuwa wakitazamia kwa kuchora alama mchangani. Mswaki pia ni wa Kiarabu. Picha na deki tumezipata kwa Waingereza, na hiyo deki ni sakafu ya meli iliyokuwa ikisuguliwa na mabaharia. Karibu wote hawa ni wageni. Lakini "piga" ni mwenyeji. Kila mgeni alipobisha mlangoni mwa Kiswahili, hatukuhangaika kumtungia kitenzi kipya. Tulimkabidhi kwa "piga", na siku hiyo hiyo akaanza kazi.

Na mgeni akibadilika, "piga" haijali. Zamani ujumbe wa simu ya waya ulipelekwa kwa kugongagonga kitufe kwa kidole, kwa hiyo kulikuwa na kupiga kweli. Leo tunagusa kioo tu, tena taratibu kisije kikapasuka, lakini bado tunapiga simu.

MAJIRANI ZETU WANASEMAJE?

Usidhani ni Kiswahili peke yake chenye tabia hii. Wengi wetu hapa Thika na Ruiru tunazungumza Kikuyu nyumbani. Kitenzi "kũhũra" maana yake ni kupiga, nasi husema "kũhũra thimũ" kwa kupiga simu na "kũhũra mbica" kwa kupiga picha. Kwa hiyo sisi hatuna udhuru wa kutoelewa "piga", kwa maana tumeinyonya mara mbili.

Mwalimu wetu mlezi wa chama alitueleza kuwa Waajemi, yaani watu wa Iran, wana kitenzi "zadan" chenye maana ya kupiga. Kwao kuzungumza ni "kupiga neno", na hata mswaki wanaupiga kama sisi. Kwa hiyo mtu wa Tehrani na mtu wa Ruiru wakiamka asubuhi wanafanya kitendo kimoja kwa neno moja, ingawa hawajawahi kuonana.

Waingereza wameshika njia nyingine. Picha wanaichukua, simu wanaifanya, kura wanaitupa. Lakini wao nao wana maneno yao yasiyochoka. Katika chapa ya pili ya kamusi kubwa ya Oxford, iliyotoka mwaka wa 1989, neno lao "set", lenye herufi tatu tu, lilipewa maana 430. Basi mtu asikudanganye kwamba Kiswahili ni lugha maskini ati kwa sababu tunasema "piga" kila mahali. Neno kufanya kazi nyingi si dalili ya umaskini wa lugha.

Hatari ni pale tunapotafsiri neno kwa neno. Siku hizi utamsikia mwanafunzi wa sekondari akisema, "Hebu nichukue picha." Amefikiria kwa Kiingereza, akanena kwa Kiswahili. Kuchukua picha ni kuibeba, kuondoka nayo. Ukimwambia mtu wa Mombasa achukue picha, atakuuliza, "Iko wapi?"

KANUNI YA PILI: ANGALIA KAULI

Sasa turudi kwenye aibu yangu. Kosa langu lilikuwa la kauli, na wengi wetu hulifanya. Hebu tazama jinsi kitenzi hiki kinavyonyambuliwa:

Kutenda: Mwanafunzi alipiga simu.
Kutendea: Mwanafunzi alimpigia mama simu.
Kutendwa: Simu ilipigwa.
Kutendana: Mabondia walipigana.
Kutendeana: Marafiki walipigiana simu.
Kutendesha: Karani alipigisha kura.
Kutendeka: Ngoma hii imepasuka, haipigiki.

Matata mengi yako kati ya kutenda na kutendea. Mtu akipokea pigo lenyewe, tumia kutenda: "alinipiga kofi", "alinipiga teke". Mtu akifanyiwa jambo kwa ajili yake au likielekezwa kwake, tumia kutendea: "alinipigia simu", "alinipigia magoti", "walinipigia makofi", "tulimpigia kura". Ukisema "tulimpiga kura mgombea wetu", umempiga kwa karatasi. Ukisema "nitakupiga simu", jirani yako ana haki ya kujikinga uso. Picha nayo ina ruhusa, kwa kuwa anayepigwa picha ndiye anayenaswa na kamera. Kwa hiyo "alinipiga picha" ni sawa kabisa.

Vilevile kuna tofauti kati ya "pigana" na "pigiana". Marafiki wawili wakiagana kwa kusema "tutapigana simu", wamepanga vita. Waseme "tutapigiana simu".

Kauli hiyo ya kutendea pia huonyesha mahali na kifaa. Shule nyingi hugeuka kituo cha kupigia kura. Kitambaa kilicho kwenye kona ya darasa letu ni cha kupigia deki. Na katika mtihani ukiambiwa "pigia mstari kivumishi", usipige mstari popote unapotaka. Mstari ukae chini ya neno lenyewe.

Kutokana na kitenzi hiki tunapata pia nomino kadhaa: pigo, mapigo ya moyo, kipigo, mpigo, mapigano, upigaji kura, mpiga picha, mpiga ramli. Neno "pigo" lina maana mbili zinazofanana. La kwanza ni la mkono au fimbo. La pili ni la msiba au hasara, kama tusemavyo kuwa kifo cha mwalimu fulani kilikuwa pigo kwa kijiji kizima.

Kumbuka pia "kupigwa na". Mtu hupigwa na butwaa, hupigwa na bumbuazi, hupigwa na jua, hupigwa na baridi, hupigwa na radi. Hapa mpigaji si binadamu.

KANUNI YA TATU: JUA ULIPO

Wale vijana wa matatu waliopiga stori na kupiga bei hawakuvunja kanuni ya "piga". Walifanya vile vile babu zetu walivyofanya, walichukua neno jipya wakalikabidhi kwa kitenzi cha zamani. Vijana wa Ruiru husema pia kupiga luku, yaani kuvaa ukapendeza, na kupiga sherehe. Aliyelewa wanasema amepiga maji. Katika sajili ya matatu au ya vijana maneno haya yako nyumbani.

Lakini insha ya mtihani si steji. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, matumizi ya lugha yana alama 40 na isimujamii ina alama 10, kati ya alama zote 80. Ukiulizwa sajili ya vijana, hapo piga luku itakufaa. Ukiandika barua rasmi ukasema meneja "alipiga signature", utakuwa umejipiga mwenyewe. Barua hutiwa sahihi. Mtihani hufanywa. Na kiswahili kizuri cha breki ni kufunga. "Piga" ina bidii kubwa, lakini usiitwike kila mzigo, vitenzi vingine navyo vipate kazi.

SASA ILE HOFU

Nilisema fungu la (f) nitalirudia.

Mwaka wa 2016 nilikuwa darasa la kwanza. Baba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Thika. Aliondoka Ruiru kungali giza na kurudi jua likitua, kwa hiyo siku za kazi nilimwona jioni tu. Siku moja nilitoka shule nikamkuta ameketi nyumbani. Mkebe wake wa chakula ulikuwa mezani, haujafunguliwa. Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakuniuliza tumefundishwa nini kama kawaida yake.

Mama alikuwa nje akizungumza kwa simu na dada yake. Nikamsikia akisema, "Wamepigwa kalamu. Ni wengi. Hata baba yao amepigwa."

Nilirudi ndani mbio nikamchunguza baba. Nilitazama kichwa, mikono na shati. Sikuona jeraha wala doa la wino. Nikawaza kuwa labda alipigwa mgongoni, au kwamba ilikuwa kalamu kubwa kuliko zetu za shule, na mtu mzima hawezi kulia mbele ya watoto. Usiku huo nilikusanya kalamu zote za nyumbani, zilikuwa tatu, nikaziweka chini ya godoro.

Siku chache baadaye baba alitaka kuandika barua ya kuomba kazi mahali pengine. Akatafuta kalamu kila mahali. Akamuuliza mama, akamuuliza ndugu yangu, akaniuliza mimi. Nikaanza kulia. "Nimezificha, Baba," nikamwambia, "wasikupige tena."

Baba alikuwa hajacheka tangu siku ile. Alicheka mpaka akafuta machozi. Mama hakucheka, aliondoka akaenda jikoni. Baba akaniketisha karibu naye. Akanieleza kuwa kazini kuna orodha ya majina, na mtu akiachishwa kazi ni kama jina lake limepigwa kalamu, yaani limekatwa. "Hawakunipiga mimi," akasema, "ni jina langu tu. Sasa lete hiyo kalamu niandike."

Nikaileta. Barua ziliandikwa nyingi na majibu hayakuja. Baba hakukaa bure. Jirani yetu mmoja alimpeleka kwenye mjengo hapa Ruiru, ambako nyumba za kupangisha zilikuwa zikijengwa kila upande. Alianza kwa kubeba mawe na kuchanganya saruji. Kisha akajifunza kupiga plasta. Baadaye akajifunza kupiga msasa na kupiga rangi, na hiyo ndiyo kazi anayoifanya hadi leo. Sare niliyovaa ninapoandika haya na pesa za chakula cha mchana ninazoleta shuleni kila muhula zimetokana na kazi hiyo. "Piga" ilimtoa baba kazini, na "piga" ikamrudisha kazini, ila majirani zake hawakuwa wale wale.

Nilipomsomea baba makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nimeeleza maana ya "kupiga msasa insha". Nikamwambia bado. Akasema niieleze. Basi, kupiga msasa ni kusugua ubao au ukuta kwa karatasi yenye chengachenga ili uwe laini kabla ya kupaka rangi. Kupiga msasa insha ni kuisoma tena na kuondoa makosa kabla ya kuikabidhi. Ningefanya hivyo Kidato cha Pili, mgeni wa heshima asingeonekana amenizaba.

ZOEZI

A. Sahihisha sentensi hizi.
1. Nitakupiga simu nikifika Thika.
2. Wanafunzi wote walimpiga kura dada mkuu.
3. Hebu nichukue picha nikiwa karibu na maporomoko ya Chania.
4. Marafiki hao hupigana simu kila Jumapili.
5. Mshindi alipopanda jukwaani tulimpiga makofi.

B. Eleza maana ya mafungu haya, kisha utunge sentensi.
6. piga chuku
7. piga moyo konde
8. pigwa na butwaa
9. piga darubini
10. pigwa kalamu

Majibu: 1. Nitakupigia simu. 2. Walimpigia kura. 3. Nipige picha. 4. Hupigiana simu. 5. Tulimpigia makofi. 6. Kutia chumvi katika maneno. 7. Kujipa ujasiri. 8. Kushangaa sana. 9. Kuchunguza kwa makini. 10. Kuachishwa kazi. Sentensi zako mwonyeshe mwalimu.

Mwenzangu ukisikia "piga" ambayo sikuitaja, iwe sokoni, steji au nyumbani, iandike uniletee tunapokutana chamani. Kijidaftari changu bado kina nafasi.